Kujifunza Maneno ya Kiingereza

Wengi wenu mna watoto au wajukuu shuleni, nanyi mwawaona jioni wameketi karibu na taa wakikariri maneno ya Kiingereza pamoja na maana zake: neno hili maana yake hili, neno lile maana yake lile. Mwafurahi kuwasikia, nasi waalimu tulikuwa tukifurahi vivyo hivyo. Leo twataka kuwaeleza kwa nini furaha yetu ilipungua, na jinsi tulivyojifunza, kwa hasara ya mtu mwingine, kwamba kukariri maana ya neno siko kulijua neno.

Sisi tuandikao habari hizi ni waalimu wawili wa shule moja ya sekondari, katika kijiji kilicho kando ya Ghuba ya Speke, mashariki ya mji wa Mwanza. Watu wa huku hulima pamba, mpunga na mihogo, hufuga ng'ombe, na wengi huvua. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa ziwani kama mji uliojengwa juu ya maji. Kukipambazuka dagaa huanikwa juu ya mchanga na juu ya miamba, na kijiji chote hunuka samaki. Hiyo ndiyo harufu tuliyokua nayo.

Sote wawili ni watoto wa Usukuma. Nyumbani tulisema Kisukuma. Katika shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, maana tangu mwaka 1967 ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Tulipoingia kidato cha kwanza mambo yaligeuka kwa siku moja. Mwalimu wa Jiografia alisema Kiingereza, wa Hesabu vile vile, na wa Biolojia naye vile vile. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani, mwenye kujibu kila swali, alikaa kimya kama bubu. Ndivyo ilivyo hata leo kwa watoto wengi wa vijijini, nasi twaomba wazazi walijue jambo hili, wasije wakamwita mvivu mtoto ambaye kwa kweli amepotezwa na lugha.

Basi tukatafuta dawa, na dawa tuliyoiona ilikuwa orodha. Kila mmoja alinunua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto akaandika neno la Kiingereza, na upande wa kuume neno moja la Kiswahili. Maneno kumi kila siku ya shule. Tuliyakariri tukichota maji, tukichunga, hata tukingojea chakula kiive. Mwaka ulipokwisha tulikuwa na maneno karibu elfu mbili, tukajiona matajiri. Mitihani tukashinda. Baadaye tukawa waalimu, na kazi ya kwanza tuliyoifanya ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wetu ubaoni orodha ile ile.

Sasa tutasimulia habari ya mkopo.

Miaka michache iliyopita, jioni moja, jirani yetu mmoja alifika nyumbani kwetu. Ni mzee mvuvi, mtu wa kuheshimiwa, mwenye mtumbwi wake mwenyewe alioununua kwa jasho la miaka mingi.

"Mwadila, waalimu," alisema.

"Mwadila, baba. Karibu uketi."

Akaketi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. "Wanangu," akasema, "watu hawa watanikopesha fedha ninunue injini. Kwa makasia siwezi tena kuyafikia maji ya mbali walipo dagaa. Lakini karatasi ni ya Kiingereza, nami Kiingereza sikijui. Nisomeeni, mniambie isemavyo, nipate kutia sahihi."

Tukaifungua. Kiasi cha fedha tulikieleza sawasawa. Riba tuliieleza sawasawa, na idadi ya miezi ya kulipa. Kisha tukafika kwenye sentensi moja fupi iliyosema hivi: "The loan is secured by the borrower's boat and engine." Maneno yake yote tulikuwa nayo. "Loan" ni mkopo, "borrower" ni mkopaji, "boat" ni mtumbwi, na "engine" haina haja ya kuelezwa. Na "secure" tulilijua tangu kidato cha kwanza. Lilikuwamo katika daftari zetu zote mbili: secure, maana yake salama.

Tukatazamana kidogo. Mmoja wetu akasema kwamba mkopo huu umewekwa salama pamoja na mtumbwi na injini, yaani vitu hivyo vimelindwa, kama kwa bima. Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Twakiri leo kwamba kila mmoja wetu alikuwa na shaka ndogo moyoni, na kila mmoja aliinyamazia, akidhani mwenzake ana hakika. Tena kulikuwa na haya. Mwalimu wa sekondari atasemaje mbele ya mzee kwamba neno la kidato cha kwanza limemshinda?

Mzee akauliza, "Yaani mtumbwi wangu uko salama?"

Tukajibu, "Uko salama, baba."

Akatushukuru, akatia sahihi juu ya meza yetu, kwa kalamu yetu.

Ndugu msomaji, wewe ujuaye Kiingereza umekwisha kuona kosa. Sentensi ile haikusema kwamba mtumbwi umelindwa. Ilisema kwamba mtumbwi na injini vimewekwa rehani: mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji atavichukua. Neno tulilolifasiri "salama" ni kweli lilikuwa la usalama, lakini usalama wa fedha za mkopeshaji, si wa mtumbwi wa mzee.

Miezi ya kwanza alilipa vizuri, na injini ilimpeleka mbali. Kisha mvua za masika zikaja nyingi. Wavuvi wajua maana yake: pasipo jua dagaa hawakauki, na dagaa wasiokauka huoza, au huuzwa kwa bei ndogo wawe chakula cha kuku. Mzee alikosa kulipa mwezi mmoja, akakosa wa pili na wa tatu. Asubuhi moja watu walifika ufukoni na karatasi mkononi. Mzee hakuogopa. Alituma mtoto, akasema, "Waiteni waalimu. Wao waijua karatasi hii."

Tukaenda, tena tulikwenda tukijiamini. Mmoja wa watu wale, kijana mwenye adabu, akatia kidole penye sentensi ile, akatueleza kwa Kiswahili chepesi, mbele ya watu wote waliokusanyika. Hatukuwa na la kujibu. Mtumbwi ukasukumwa majini, ukafungwa kamba nyuma ya mwingine, ukaenda zake. Mzee alisimama akiutazama hata ulipopita mwamba wa mwisho. Ndipo akatugeukia.

"Maneno mliyajua, wanangu," alisema. "Karatasi hamkuijua."

Hakututukana. Akaenda nyumbani kwake. Afadhali angalitutukana.

Hatumlaumu mkopeshaji, maana karatasi ilisema ilivyosema. Jioni ile tulikwenda shuleni tukafungua kabati la vitabu, tukatoa kamusi kubwa ya Kiingereza. Chini ya neno lile tulikuta maana nyingi, ya rehani ikiwa miongoni mwazo, na chini yake sentensi ya mfano iliyofanana sana na ile ya karatasi. Kamusi hiyo ilikuwa kabatini siku zote, hatua mia mbili kutoka meza tuliyosomea karatasi ya mzee.

Tangu hapo tulianza kuuliza kwa nini wenye kutunga kamusi hujitaabisha kuandika sentensi, badala ya kuandika maana tu wakamaliza kazi mapema. Tukaona kwamba ni hekima ya siku nyingi. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake ya Kiingereza London mwaka 1755, aliandika chini ya maneno mafungu yaliyotolewa katika vitabu vya waandishi wakubwa, ili msomaji aone neno likitumika. Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alifanya vivyo hivyo kwa lugha yetu: kamusi yake ya Kiswahili, iliyopigwa chapa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, ina maneno mengi yaliyoelezwa kwa sentensi nzima. Michael West alitoa mwaka 1935 kamusi ya wanafunzi ambayo maana zake zote zimeelezwa kwa maneno mepesi 1,490 tu, ili mwanafunzi asihitaji kamusi ya kueleza kamusi. Naye A. S. Hornby, Mwingereza aliyewafundisha Wajapani, alitoa pamoja na wenzake kamusi iliyopigwa chapa Tokyo mwaka 1942, ikatolewa tena na wapiga chapa wa Oxford mwaka 1948. Hiyo haikumwonyesha mwanafunzi maana tu, bali na jinsi neno linavyoungana na wenzake. Vitabu vilivyotoka katika hiyo vimo hata leo katika shule nyingi, na mojawapo kilikuwa katika kabati letu.

Watu hawa walikaa nchi mbalimbali na nyakati mbalimbali, lakini wote walijua jambo moja: neno lililotolewa katika sentensi ni kama dagaa aliyeanikwa juu ya mwamba. Waweza kumhesabu, kumpima na kumtia gunia. Lakini jinsi anavyokwenda majini, na kina akaacho, na jinsi anavyoifuata taa, hutayajua kwa kumtazama pale mwambani.

Tena hatukuwa na haja ya kwenda mbali kulijua hili, maana lugha yetu wenyewe yatufundisha. Mgeni aliyejifunza kwamba kupiga ni kuchapa, atasemaje akisikia kwamba mama fulani amepiga magoti? Na aliyepiga pasi, na aliyepiga simu, na aliyepiga kura, na aliyepiga mbizi, na aliyepiga makasia mpaka Ukerewe? Atadhani amefika nchi ya watu wagomvi wasioacha kitu bila kukichapa. Sisi hatupotei, kwa kuwa tulilipata neno hilo vinywani mwa mama zetu, kila mara ndani ya jambo lililokuwa likitendeka. Hakuna mama aliyempa mtoto wake orodha.

Basi tukageuza mafundisho yetu. Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha. Tulimpa mwanafunzi mmoja tangazo la afya lililosema, "Sleep under a net every night." Akasimama, akafasiri kwa sauti kubwa, "Lala chini ya wavu kila usiku." Darasa lote likacheka, kwa sababu wengi ni watoto wa wavuvi, nao waliwaona baba zao wamelala wamejifunika nyavu zinukazo samaki. Yule mtoto hakuikosea orodha. Orodha ilisema wavu. Lakini ndani ya tangazo lile neno hilo ni chandarua. Tukawaagiza watafute neno hilo hilo mahali pengine. Kesho yake mmoja alileta mfuko mtupu ulioandikwa "Net weight 25 kg." Hapa hapana wavu wala chandarua, ni uzito wa kitu chenyewe, mfuko usipohesabiwa. Msichana mmoja, ambaye mama yake hununua dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, ili awauze minadani, akasema, "Ndilo jambo ambalo mama hugombana na watu wa mizani! Hataki kulipia gunia." Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi wa darasa lile aliyelisahau neno hilo katika maana zake tatu. Nasi hatukuwakaririsha hata mara moja.

Siku nyingine tuliona hatari ya vineno vidogo. Kijana mmoja aliandika katika insha yake, "Every evening I look for my father's cows." Alitaka kusema kwamba kila jioni huwatunza ng'ombe wa baba yake. Tukamwuliza, "Je, ng'ombe wa baba yako hupotea kila siku?" Akashangaa, akakana. Ndipo tulipoandika ubaoni sentensi tatu: "She looks at the child," "She looks for the child," "She looks after the child." Mama wa kwanza amtazama mtoto. Wa pili amtafuta, maana hamwoni. Wa tatu amlea. Neno kubwa ni lile lile moja, bali kineno kilichofuata kimebadili maisha yote ya mtoto. Asomaye neno moja moja hawezi kuona jambo hili. Ni lazima asome sentensi mpaka nukta yake.

Sasa tutaeleza njia tunayoitumia, ili mzazi aweze kuisimamia nyumbani, hata kama yeye mwenyewe hajui Kiingereza.

Kwanza, daftari lina safu tatu, si mbili: neno, maana, na sentensi. Nayo sentensi isinakiliwe kitabuni tu. Iwe na jambo ambalo mwanafunzi ameliona au amelitenda mwenyewe: kisima chao, mbuzi wao, dada yake mgonjwa, mwamba wa kuogelea. Maneno ni matano kwa siku, si kumi. Mtoto apungukiwe na idadi, asipungukiwe na ufahamu.

Pili, nafasi iachwe chini ya kila neno. Likikutwa tena mahali pengine kwa maana nyingine, sentensi ya pili iandikwe hapo, na ya tatu. Neno "secure" twalifundisha siku ya kwanza ya mwaka, nalo lina sentensi tatu. "The rope is secure, so the boat will not drift": kamba imefungwa imara, kwa hiyo mtumbwi hautachukuliwa na maji. "She secured a place at the school": alipata nafasi katika shule. "The loan is secured by his boat": mkopo umewekewa mtumbwi wake kuwa rehani. Wanafunzi hutuuliza sentensi ya tatu tuliipata wapi, nasi hatuwafichi.

Tatu, mwanafunzi huirudisha sentensi nyumbani. Amweleze bibi au babu yake maana yake yote kwa Kisukuma, bila kuchanganya neno hata moja la Kiingereza. Akiweza, ameijua. Akikwama na kusema, "Yaani, bibi, ni kitu kama…," bado hajaijua, hata kama aliikariri vizuri darasani. Hapa wazee wasiosoma wametusaidia kuliko vitabu. Mzee hadanganywi na matamshi mazuri. Hungoja maana, nayo isipokuja huuliza tena.

Nne, na hili ndilo gumu, mwanafunzi azoee kusema, "Neno hili silijui." Zamani tulimpa sifuri aliyesema hivyo. Sasa twampa alama moja, na aliyebahatisha bila hakika hatumpi kitu.

Siku hizi watoto wengine hutafuta maneno kwa simu. Hatuwakatazi, maana ni msaada mkubwa mahali pasipo na vitabu. Lakini mtoto akiandika neno moja, akajibiwa neno moja, akafunga simu, ndiyo orodha yetu ya zamani iliyovaa nguo mpya. Twawafundisha waandike sentensi nzima, tena watazame mifano, na ikiwa jawabu haliendi pamoja na habari waliyokuwa wakiisoma, wasilikubali.

Na mtu asidhani kwamba njia hii ni ya kujifunza lugha ya kigeni peke yake. Ng'ambo ya ghuba yetu ni Ukerewe, alikozaliwa Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akitaka lugha na desturi za watu wake zisipotee. Kilikaa miaka mingi bila kupigwa chapa, hata akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata alifariki. Angaliweza kuandika orodha ya maneno ya wazee na maana zake. Badala yake aliwaonyesha mume na mke nyumbani mwao, wakipika, wakilima, wakiugua, wakitafuta dawa, wakipokea wageni. Na msomaji ayajifunza maneno na desturi kwa kuwaona watu wakiishi nayo. Kwa hiyo hata asiyekuwa Mkerewe aingia katika nyumba ile na kufahamu.

Wengine watasema, haya yote ya nini, na Kiswahili ndiyo lugha yetu? Ni kweli, nasi twashukuru kwamba mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini karatasi za Kiingereza bado zafika vijijini: maelezo ya dawa, maandishi ya mashine, mapatano ya fedha. Na zinapofika, hupelekwa kwa yule kijana aliyesoma, nyumba ya tatu. Kijana huyo ameshika mali ya watu mkononi mwake bila kujua. Twamkumbuka yule mkuu wa Kushi aliyekuwa akisoma kitabu cha Isaya garini mwake. Alikuwa mtu mwenye cheo na amana kubwa, lakini Filipo alipomwuliza kama ayafahamu ayasomayo, hakujivuna. Alikiri kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza, akampandisha akae naye. Sisi, wenye cheo kidogo sana, tuliona haya kukiri neno moja.

Tumalize habari za mzee. Mwaka mzima tulitoa sehemu ya mishahara yetu kumsaidia. Mara mbili alikataa kuzipokea fedha. Mara ya tatu akazipokea, akasema, "Nazichukua kuwa deni, si zawadi." Ule mtumbwi haukurudi. Alinunua mwingine mdogo uliokuwa umetumika, naye huvua kwa makasia karibu na nchi kavu, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Mjukuu wake wa kike sasa yumo katika darasa letu. Mwezi uliopita alikuja kwetu jioni na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. Kikundi cha wavuvi kilimkaribisha babu yake kuingia katika mkopo wa pamoja, na mapatano yalikuwa ya Kiingereza. Hatukutazamia kwamba angetuletea tena karatasi yoyote.

"Babu asema mumsomee polepole," alisema yule binti. "Na msilolijua, mseme."

Tukaketi naye mezani, tukaleta kamusi, tukaisoma sentensi kwa sentensi, yeye akiandika katika daftari lake. Tulipofika mwisho kulikuwa na mahali pawili ambapo hatukuwa na hakika. Tukapiga mstari chini yake. Tukamwambia, "Mwambie babu kwamba mahali hapa pawili hatupajui. Asitie sahihi. Jumamosi tutakwenda Mwanza kwa mwanasheria tukaulize." Akaenda, akarudi baada ya kitambo kidogo, akihema kwa kukimbia.

"Babu asema vema," alisema. "Atangoja."

Basi, wazazi na ndugu, mtoto wenu akikariri maneno jioni karibu na taa, msimwulize ameyashika mangapi. Mwambieni achague moja, alitie katika sentensi ya mambo yenu ya nyumbani, kisha awaeleze. Na akisema halijui bado, msimcheke. Kuuliza si ujinga.